Je, Umeijaribu?



Leo naomba nafasi niwaeleze habari ya baruti. Najua gazeti hili husomwa nyumbani na akina mama na watoto, na pengine mtasema kwamba baruti si jambo la kuzungumziwa karibu na sufuria ya ugali. Mnivumilie kidogo. Jambo lenyewe lilitupata nyumbani kwetu, karibu na Sudi, na nimelinyamazia muda mrefu mno.

Ukisimama pwani ya Sudi utaona ghuba iliyotulia, mikoko imeizunguka, na wavuvi wanatoka na kuingia na ngalawa zao. Mgeni hawezi kufikiri kwamba hapo iliwahi kuingia meli ya shehena ya vita. Lakini mwezi wa Machi 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, meli ya Wadachi jina lake Marie iliponyoka manowari za Waingereza, ikaingia humo na kujificha. Ilileta mizinga, bunduki, risasi, dawa na nguo. Kila kitu kilikuwa kimefungwa Ulaya katika mizigo ya ratili 60, yaani kama kilo 27, kwa sababu walijua tangu mwanzo kwamba itachukuliwa kwa vichwa vya watu. Mwezi wa Aprili Waingereza waliigundua wakaipiga mizinga, hata hivyo ikatoroka usiku, ikafika Batavia, mji unaoitwa Jakarta siku hizi.

Babu yangu alikuwa mmoja wa vichwa hivyo. Hakuwa mtu wa kujisifu kwa vita. Alisema tu kwamba sanduku la risasi ni dogo kwa macho na kubwa kwa shingo, na kwamba wengi waliokwenda naye bara hawakurudi. Katika vita ile wapagazi walikufa maelfu kwa maelfu, kwa njaa na kwa ugonjwa, na makaburi yao hayajulikani.

Risasi za Sudi zilifika kavu. Zile zilizotangulia hazikuwa na bahati hiyo. Mwezi wa Aprili 1915 meli nyingine, Rubens, ilifika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikapigwa na manowari Hyacinth. Nahodha wake aliizamisha mwenyewe penye maji machache, akawasha moto juu ya sitaha ili Waingereza wadhani imeteketea. Walidhani hivyo, wakaenda zao. Kisha Wadachi wakawapeleka wapiga mbizi kutoa shehena. Wakapata risasi nyingi ajabu, lakini zote zimekunywa maji ya chumvi.

Hapo ndipo ilipoanza kazi ninayotaka kuwaeleza. Huko Moshi, mwisho wa reli, watu walikaa miezi wakizifungua risasi moja moja kwa mkono. Walitoa baruti wakaisafisha, wakaziondoa fataki zilizoharibika wakatia nyingine, kisha wakazijaza tena. Je, risasi ya namna hiyo utaiamini? Ukiitazama inang'aa kama mpya. Basi walizijaribu kwa kuzipiga, wakahesabu zilizokataa kulia. Jemadari wao, von Lettow-Vorbeck, aliandika baadaye kwamba zile zilizokataa kama 20 katika kila 100 zilihesabiwa kuwa zafaa kwa vita. Zilizokataa zaidi ya hapo zilitumiwa kwa mazoezi. Zile za zamani, zisizoguswa na maji, ziliwekwa kwa ajili ya bombomu peke yake.

Mimi siwasifu kwa vita yao; vita ile ilikula watu wetu katika ugomvi usio wetu. Lakini hesabu ile naiheshimu. Mtu anayekubali kuandika kwamba katika risasi zake 100, 20 ni mbovu, huyo anajua alichoshika mkononi.

Sasa nirudi nyumbani.

Baba alikuwa na gobori, lenye kibali tangu enzi za Waingereza. Vijana wa siku hizi huenda hawalijui. Ni bunduki ndefu inayoshindiliwa kwa mdomo wa kasiba: baruti kwanza, kisha kitambaa, kisha marisau, na mdeki wa kushindilia. Kwa hiyo kila mlio wake umetengenezwa na mkono wa mtu usiku ule ule. Sisi wenye mashamba ya Lindi tunajua kazi yake. Nguruwe wakiingia katika mahindi usiku mmoja, asubuhi unakuta uwanja wa mpira. Tena nguruwe huvuta simba. Mabwana wa elimu walichunguza jambo hili, wakatangaza mwaka 2005 kwamba tangu 1990 hadi 2004 simba waliua watu zaidi ya 560 katika Tanzania, na kwamba mahali penye nguruwe wengi katika mashamba ndipo hatari ilipo kubwa. Lindi imo katika sehemu zilizoumia sana. Kwa hiyo kulala dunguni hakukuwa mchezo.

Baba alikuwa na desturi moja. Kabla ya msimu wa ulinzi, na kila mara mvua ikizidi, alitaka baruti ya pembeni ijaribiwe. Chembe chache ziliwekwa juu ya kigae, mbali na nyumba, zikaguswa na moto. Zikiwaka mara moja, vema. Zikisita au zikitoa moshi tu, pembe yote haitumiki. Kazi hiyo alinipa mimi, mtoto wa pili, nilipofikisha miaka kumi na minne, naye akanionyesha namna. Nilijiona mtu mzima.

Mwezi wa Machi 1978 mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Mimi nilikuwa nimeiacha pembe ya baruti chini ya mchirizi. Nilipoiona imelowa niliogopa fimbo. Nikaianika juani siri, nikaipangusa, ikapendeza. Jioni Baba aliniuliza, "Je, umeijaribu?" Kigae kilikuwa pale pale ukutani, na moto ulikuwa jikoni kwa mama, hatua ishirini. Lakini wenzangu walikuwa wananingoja uwanjani. Nikamjibu, "Ndiyo, Baba."

Usiku ule tulikuwa watatu dunguni, Baba, kaka yangu na mimi. Nguruwe walikuja kabla ya jogoo wa kwanza. Baba akalenga, akavuta. Fataki ikalia ta! na bunduki ikanyamaza. Nguruwe wakakimbia. Baba aliliteremsha gobori, akasimamisha kitako juu ya mbao. Kaka, ambaye alikuwa akichukua mdeki, aliweka mkono wake wa kulia juu ya mdomo wa kasiba, kama mtu ashikavyo fimbo yake. Nilihesabu baadaye mara nyingi kichwani: ilikuwa kama kusema nusu ya Salamu Maria. Kisha ikalia.

Baruti iliyolowa haifi yote. Moto unaweza kulala ndani yake, ukatambaa, ukafika. Ndiyo sababu wanaojua kazi hii husema bunduki ikikataa, iache imeelekea kule kule kusiko na mtu, ungoje muda mrefu, asikaribie mtu. Sisi hatukungoja.

Kaka alipoteza vidole vitatu. Tulimchukua kwa machela hadi hospitali, na Mungu alimwokoa na uozo. Baba hakunipiga wala hakuniuliza neno. Nami sikusema. Nilikwenda kuungama, Padre akanisikiliza, akaniambia habari ya Mungu imekwisha, sasa nenda kwa baba yako. Sikwenda.

Nilipomaliza darasa la saba nilipata kazi ya kusaidia katika karakana ya misioni, Ndanda. Alikuwako Bruda mmoja mzee, mzaliwa wa Uswisi. Kwao vijiji vingi vilikuwa na uwanja wa kupiga shabaha, metro 300, na wanaume walishindana Jumapili baada ya Misa. Baba yake alipenda masafa marefu zaidi, naye alijaza risasi zake kwa mkono, nyumbani, majira ya baridi. Aliyatumia tena maganda ya shaba yaliyokwisha kupigwa, akipima baruti kwa mizani ndogo kuliko ya mganga. Nikamwuliza kwa nini apate taabu wakati dukani ziko. Akasema ni kwa sababu ya umbali. Huko Bisley, Uingereza, ambako mashindano yamefanywa tangu 1890, wako wanaolenga yadi 1,000, zaidi ya metro 900. Risasi moja ikizidiwa mwendo kidogo tu na mwenzake, mpaka ifike huko itakuwa imeshuka chini ya shabaha. Hapa karibu usingeona tofauti yoyote.

"Basi unajuaje kwamba umejaza vizuri?" nikauliza.

Akasema, unapiga kumi bila kubadili kitu, kisha unakwenda kutazama karatasi. Mjinga hutazama ile iliyoingia katikati, akafurahi. Baba yake alimfundisha kuitazama ile iliyopotoka, na kuiandika katika daftari kwanza, kabla ya nyingine zote. Ukibadili lolote, hata aina ya fataki, unaanza upya, na ya jana hayahesabiwi.

Bruda alikuwa akipiga msumeno huku akisema, hakujua ananiambia nini. Nililala vibaya siku ile. Hata hivyo, wasomaji, ilinichukua miaka mingine zaidi ya kumi. Ni rahisi kuandika hivi. Kuingia katika nyumba ya mzee ukakaa kwenye kigoda ni kazi nyingine.

Nilimwambia mwaka 1996. Baba alikuwa amezeeka, anachambua ufuta katika ungo. Nilisema yote, tangu mchirizi hata uwanja wa mpira. Aliendelea kuchambua. Kisha akasema:

"Nilijua, mwanangu. Baruti iliyojaribiwa huacha weusi kigaeni. Nilipita jioni ile nikakiona kigae ni safi."

Nikamwuliza kwa nini basi alishindilia.

"Nguruwe walikuwa wamekula robo ya shamba," akasema. "Nami nilikuwa nimechoka. Nikasema, huenda itawaka."

Akanipa ungo nimsaidie. Tulichambua mpaka magharibi.

Baba alifariki mwaka 2001, na gobori likabaki darini bila kibali cha mtu. Mwaka 2022, Serikali ilipotangaza msamaha kwa wenye silaha zisizo halali wazisalimishe, kaka alikuja kwangu asubuhi na mapema. Alilichukua mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, mdomo umeelekea chini. Njiani hadi kituo cha polisi aliniambia nitembee nyuma yake.