Dawa ya Kupe Chumbani

Nilipuliza dawa ya kupe katika chumba wanamolala wanangu. Daktari aliponiuliza kama kuna dawa yoyote iliyotumika nyumbani, nilisema hapana. Na mke wangu alipoanza kumshuku dada anayetusaidia kazi kwamba amempa mtoto maziwa yaliyolala, nilinyamaza. Hayo matatu ndiyo maungamo yangu. Yote yalianza na buibui, na buibui mwenyewe hakuwa amefanya lolote.

Tunaishi Kiamunyi, nje kidogo ya Nakuru, ambako nyumba mpya zinazidi kuingia katika mashamba ya mahindi. Yetu ni ya mawe, ina mabati na silingi ya mbao, na kati ya silingi na ukuta kuna mwanya ambao fundi hakuuziba. Humo ndimo hujificha buibui bapa wa ukutani. Yeyote aliyekulia huku anamjua: rangi ya kijivu iliyochanganyika na kahawia, mabaka miguuni, miguu yenyewe imetandazwa ubavuni kiasi kwamba mwili mzima umelala kwenye ukuta. Hatandi utando. Mchana hutulia tuli, na ukimkaribia kwa kidole ameshapotea kabla hujajua amepitia upande gani. Mayai yake huyafungia katika kifuko cheupe, chembamba, laini kama karatasi, upana wa sarafu ya shilingi, akakibandika ukutani na kukaa karibu nacho kukilinda. Tangu utotoni nimebandua vifuko hivyo kwa ukucha bila kujua ni vya nani.

Mwezi wa Aprili, mvua zikiwa zimeshika, mtoto wetu mdogo wa miaka minne aliamka na malengelenge shingoni. Yalijipanga kwa mstari, mekundu pembeni na maji katikati, na kila akiguswa alilia kwamba panachoma. Nyumbani kwetu Bahati, nilikolelewa, jambo hilo lilikuwa na jibu moja tu: buibui amekukojolea. Unapakwa majivu, kisha mtu mzima anapita na ufagio kila pembe. Basi nikainua macho. Juu ya kitanda, chini kidogo ya silingi, alikuwapo jike mkubwa, na kando yake kile kifuko cheupe. Sikuuliza zaidi.

Sasa najua kwamba buibui hamkojolei mtu akamtoa malengelenge. Aliyemchoma mwanangu ni yule mdudu mwembamba, mweusi kwa mwekundu, asiyefikia hata sentimita moja na nusu, ambaye Wakenya wanamwita Nairobi fly ingawa si nzi, ni wa jamii ya mbawakavu. Hana mwiba, wala hang'ati. Sumu yake, pederini, imo ndani ya mwili, na humpata mtu pale anapompondea mdudu huyo kwenye ngozi, mara nyingi usingizini, akijipangusa shingo. Ngozi huanza kuwaka baada ya saa nyingi, pengine siku ya pili. Ndiyo maana mtu hamkumbuki mdudu, akamlaumu yeyote anayemkuta ukutani wakati huo. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliwaleta kwa wingi hata watu wakajaa katika zahanati. Hupenda unyevu, na usiku hufuata taa.

Nasi taa tulikuwa nayo. Mtoto anaogopa giza, kwa hiyo balbu ya chumba chao tuliiacha ikiwaka usiku kucha, na dirisha hatukulifunga vizuri. Balbu ile ilimleta Nairobi fly, ikawaleta nondo na nyenje, na wadudu hao ndio waliomfanya buibui ahamie ukuta ule. Alikuwa kazini.

Nina ng'ombe wawili wa gredi. Ndigana kali inaweza kumwangusha ng'ombe wa namna hiyo kwa siku chache tu, kwa hiyo pampu na dawa ya kupe havikosekani bandani. Dawa yangu nilikuwa nimepimiwa kutoka mtungi mkubwa, ikatiwa katika chupa ya soda, bila lebo, kwa sababu hivyo ndivyo ilivyokuwa rahisi. Ilikuwa ya jamii ya oganofosfeti, sumu inayovuruga mishipa ya fahamu, ya kupe na ya binadamu vilevile. Niliichanganya kali kuliko ninavyowachanganyia ng'ombe, nikidhani mdudu mkubwa kiasi kile hafi kwa kipimo cha kawaida.

Dada aliniambia, "Baba, hii dawa inanuka sana. Watoto watalala wapi?" Nikamwambia afungue dirisha. Baada ya muda akarudia maneno yaleyale. Nikamwambia asinifundishe kazi katika nyumba yangu. Nikapuliza ukuta, silingi, uvungu wa kitanda na kingo za godoro, kisha nikamwachia kitambaa apanguse sakafu. Mikono yake ilikuwa mitupu. Mimi nilikuwa nimevaa glavu.

Buibui hakufa mara moja. Alishuka ukutani akikimbia ovyo, akaangukia kitandani, akajikunja kando ya mto. Kabla ya hapo hajawahi kushuka kitandani, angalau sisi hatujawahi kumwona huko. Nilimkusanya kwa kipande cha gazeti pamoja na kifuko chake, nikatupa vyote chooni, na nakumbuka niliridhika.

Usiku ule mtoto wetu mkubwa alikuwa amekwenda kulala kwa nyanya yake. Mdogo alilala peke yake katika chumba kile. Karibu na saa sita tulimsikia akitapika. Tulipoingia tukamkuta ameloa jasho, mate yanamtoka bila kukoma, na anapumua kwa sauti, kana kwamba kifua kimejaa maji. Jirani alitoa gari.

Hospitalini daktari alimmulika macho kwa tochi. Mboni zilikuwa zimesinyaa hadi zikawa vitone. Akauliza pale pale, "Kuna dawa ya panya, ya mende, ya shamba, chochote ambacho huenda alikigusa?" Mke wangu alikuwa kazini mchana kutwa, hakujua. Akanigeukia mimi. Nami nikasema, "Hapana, daktari."

Nimejiuliza mara nyingi neno hilo lilitoka wapi. Sikuogopa kushtakiwa. Niliogopa uso wa mke wangu, kwa sababu chupa ile alikuwa amekwisha kunikataza kuiweka karibu na nyumba, na nilikuwa nimemjibu kwamba najua ninachofanya. Nikajiambia dawa imeshakauka, haiwezi kuwa ndiyo. Nikajiambia daktari ni msomi, ataona mwenyewe. Wakaanza kuzungumzia chakula kilichoharibika. Mke wangu akakumbuka maziwa, akasema huyu msichana hachemshi maziwa vizuri, na nikasimama pale nikitazama sakafu huku nikijua fika kwamba maziwa hayakuwa na neno. Mwanangu anakosa pumzi, nami napima heshima yangu.

Mke wangu alimpigia dada simu kwa ukali ambao sijawahi kumsikia nao. Upande wa pili msichana alikuwa akilia. Hakujitetea kuhusu maziwa. Alisema, "Mama, ni ile dawa ya ng'ombe. Baba alipuliza chumbani. Hata mimi natapika, mikono inanitetemeka." Mke wangu akampa daktari simu bila kuniangalia.

Atropini ilianza dakika hiyo. Ni dawa inayopingana na sumu ile. Hukausha majimaji yanayomzamisha mgonjwa kifuani, na huongezwa kidogo kidogo mpaka mapafu yasikike yamekauka. Daktari alitaka lebo ili ajue ni sumu ipi hasa. Sikuwa nayo. Kenya ina sheria ya dawa za wadudu tangu 1982, na kila dawa inayosajiliwa hubeba lebo yenye utepe wa rangi: mwekundu kwa sumu kali kabisa, halafu njano, buluu na kijani. Chupa ya soda haikumwambia daktari kitu. Dada aliletwa na bodaboda usiku huohuo, akalazwa wodi nyingine. Msichana huyo alikuwa mgonjwa peke yake nyumbani, na hospitalini mtu pekee aliyejua sababu alikuwa mimi.

Walipona wote wawili, namshukuru Mungu na wale waliokesha nao.

Jirani yetu, mzee aliyechuma pareto Molo tangu ujana, alikuja kumjulia hali mtoto. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kijana wangu, huyo buibui alikuwa amefanya nini?" Nikamweleza malengelenge. Akatingisha kichwa, akanionyesha balbu, akanieleza habari za Nairobi fly nilizoziandika hapo juu, nami baadaye nikazithibitisha kwa muuguzi. Nakuru ndiyo mji wa pareto. Ua hilo lilianza kulimwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, likashika Molo, Elburgon na Ol Kalou, na kwa miongo mingi dunia ilinunua kwetu sehemu kubwa ya pareto yake, kwa sababu sumu yake huwaangusha wadudu upesi, huvunjika kwenye jua, na kwa watu ni nyepesi kuliko nyingi za viwandani. Nikamwambia mzee kwamba ningejua ningetumia hiyo. Akasema hata hiyo asingenipa. Buibui wa ukutani nyumbani kwake huachwa, kwa kuwa mende wamepungua.

Tangu hapo nimewasoma buibui kwa bidii ya mtu mwenye deni. Yule bapa huwinda usiku, hula mende, nyenje na nondo, na mtu akimkaribia anachotaka ni njia ya kutorokea. Kule Mbita, kando ya Ziwa Victoria, watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, wamemchunguza buibui mrukaji mmoja mdogo, Evarcha culicivora, aliyepewa jina hilo mwaka 2003, ambaye windo analolipenda kuliko yote ni mbu jike aliyeshiba damu. Wapo wa kuwaogopa kwa kiasi. Chini ya viti vya nje, ndoo na matofali hukaa yule mwenye tumbo la duara na alama nyekundu au ya machungwa upande wa chini, na kifuko cha mayai chenye vimiba. Huyo usimshike, na ukiinua kitu kilicholala nje siku nyingi tumia glavu. Katika nyika kavu za Kenya na Tanzania yupo yule mkubwa mwenye manyoya, achimbaye shimo refu ardhini na kulizungushia uzi mdomoni. Watoto humwagia maji atoke. Akibanwa hung'ata, na maumivu yake ni makali, lakini hatoki kuwatafuta watu, na jike anaweza kuishi zaidi ya miaka 20 katika shimo lake akiachwa.

Siku hizi buibui akiingia mahali ambapo mke wangu hamtaki, namfunika kwa bilauri, nateleza karatasi ngumu kati ya mdomo wa bilauri na ukuta, namtoa hadi kwenye rundo la kuni. Ni kazi ya nusu dakika. Mwanya wa silingi nimeuziba. Wakati wa mvua balbu inazimwa mapema, wavu upo dirishani, na Nairobi fly akitua kwenye mkono anapulizwa kwa pumzi aondoke, hapigwi. Akipondwa, ngozi inaoshwa kwa maji na sabuni mara moja. Majivu hatupaki tena.

Dada hakurudi kwetu. Mama yake alikuja kumchukua hospitalini, na mke wangu alimwomba msichana msamaha pale pale wodini, mbele ya wagonjwa wengine, ingawa kosa halikuwa lake. Mimi nililipa gharama za matibabu na mshahara, nikajidanganya kwamba pesa imesema. Ilinichukua muda mrefu mno kufunga safari hadi kwao, juu ya Molo, kukaa mbele ya mama yake na kutamka kwamba binti yake alinionya, kwamba nilimfokea, na kwamba nilimwacha asingiziwe huku nikiujua ukweli. Mama alinipa chai. Binti alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, akasema, "Nimesikia, Baba," akarudi shambani.

Kabla ya kutoa maandishi haya nilimpigia simu nikamsomea yote, kwa sababu yeye yumo na hakuombwa. Alinisahihisha mahali pamoja. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba alinionya. Akasema alinionya mara mbili, na kwamba mara ya pili ndiyo iliyomgharimu, maana ndipo nilipomfokea. Nimeandika kama alivyosema.