Deni la Watu Watatu

Wengi wetu hudhani ya kuwa watu watatu wakikopa pamoja, kila mmoja amejifunga kwa theluthi yake tu. Katika fiqhi yaelekea kuwa hivyo, ila wakidhaminiana. Majalla, sheria ya Dola ya Othmani iliyokamilika mwaka 1876, yaeleza ya kuwa wadeni waliodhaminiana, kila mmoja wao aweza kudaiwa deni zima. Lakini Sheria ya Mikataba ya Bara Hindi ya mwaka 1872, ambayo Tanganyika iliifuata ilipotunga yake mwaka 1961, huanzia upande wa pili: maadamu hawakuagana vinginevyo, mdai aweza kumshika yeyote amtakaye akamtoza zote. Naye, bila shaka, humshika aliye karibu na mwenye mali.

Ndivyo yalivyomfika ami yetu. Yeye na wenzake wawili walikopa fedha za kununulia mashua. Mashua ikavunjika mwambani. Mmoja akahamia mbali, wa pili akawa hana kitu, na ami akauza shamba lake la minazi akalipa hata senti ya mwisho. Sisi tulikuwa wadogo. Twakumbuka mama akitukataza kuulizia khabari za madafu. Wale wawili kila walipokutana naye walimwambia, "Alhamdulillahi, deni limekwisha."

Halikwisha; lilibadili mwenyewe tu. Aliyelipa zote huwa ndiye mdai wa wenzake, kila mmoja kwa fungu lake, na mmoja akishindwa, pengo lake hugawanywa kwa waliobaki. Sheria ile ya Bara Hindi yatoa mfano wa rupia 3,000: mmoja hana kitu, mwengine ametozwa zote, basi wa tatu atamrudishia mwenzake 1,500, wala si 1,000. Ami hakudai, kwa kuona haya. Haya ni sifa njema, lakini twastaajabu kuona aliyelipa ndiye ainamishaye kichwa, na anayedaiwa apita kifua mbele.

Wala mauti hayalifuti deni hilo. Surat An-Nisaa, aya ya 11 na ya 12, zimetanguliza wasia na deni mbele ya mirathi. Yule aliyehama alipofariki, ameacha nyumba, mke wa ami alitoa sandukuni hati ya mkopo na stakabadhi za malipo, akawapelekea warithi kabla hawajagawana. Wakazisoma, wakatoa haki ya ami kwanza, ndipo wakagawana kilichobaki.