Voglio, posso, devo: maneno matatu ya mama anayekwenda Italia



Wiki iliyopita, baada ya kugawa pesa za likelemba, wawili kati yenu waliniuliza kama mtu anaweza kujifunza Kiitaliano mbele ya viza kutoka. Waume zao wako Italia, makaratasi ya kuunganisha jamaa yanaendelea, na wanaogopa kufika kule wakiwa kama bubu. Jibu langu ni ndiyo. Nimeona vizuri nieleze hapa ninaanzia wapi, hata kwa wale wasiofikiria safari, maana karibu kila nyumba hapa kwetu ina mtu ng'ambo.

Kazi yangu ni kufundisha Kifaransa, kule I.S.P. nilifundishwa kueleza lugha ubaoni. Kiitaliano nilikipata nikiwa msichana, kwa sista mmoja mzee aliyetufundisha kushona. Hapa Kivu ya Kusini Waitalia si wageni kwetu: tunawajua tangu zamani kwa ajili ya Wamisionari Wasaveriani, ambao shirika lao lilianzia Parma. Lakini kilichonifanya nifikirie namna ya kufundisha lugha hiyo ni dada yangu mdogo.

Yeye alimfuata mume wake na watoto wawili. Baada ya miezi michache mtoto wake wa kwanza, mvulana wa miaka kumi, alikuwa anasema Kiitaliano kama mwenyeji, kwa sababu ya shule. Mama yake alibaki na «buongiorno» na «grazie». Basi mtoto akawa kinywa cha mama: sokoni yeye, kwa mwalimu yeye, kwa mwenye nyumba yeye. Siku moja dada yangu aliumwa ugonjwa wa kike. Akaenda kwa daktari, na mtoto akakaa katikati yao ili atafsiri. Usiku alinipigia simu: «Yaya, nilimwambia daktari kwamba ni kichwa kinaniuma. Ningesemaje yale mengine mbele ya mtoto wangu?» Alirudi nyumbani na dawa ya kichwa.

Wamama, mnaelewa uzito wa jambo hilo. Ugonjwa ulibaki mwilini, na mtoto alibebeshwa mzigo usio wa miaka yake. Ndiyo sababu sikumfundisha majina ya rangi wala ya matunda. Nilianza na vitenzi vitatu, zile tunaita verbe shuleni: volere, kutaka, potere, kuweza, dovere, kupaswa.

Andikeni hizi kwenye daftari:

Voglio, vuoi, vuole: nataka, unataka, anataka.
Posso, puoi, può: naweza, unaweza, anaweza.
Devo, devi, deve: napaswa, unapaswa, anapaswa.

«Voglio» linasomwa karibu na «volyo», na «può» ni «pwo». Wingi utakuja baadaye. Kwa sasa maneno haya tisa yanatosha, na faida yake ni hii: kitenzi kinachofuata hakibadiliki hata kidogo. Kinabaki na mkia wake wa -are, -ere au -ire, ambao unafanya kazi kama «ku-» yetu, isipokuwa wenyewe wanauweka nyuma. Entrare ni kuingia, prendere ni kuchukua, dormire ni kulala. Posso entrare, naweza kuingia. Voglio dormire, nataka kulala. Mtoto deve prendere la medicina, mtoto anapaswa kuchukua dawa. Mwenye kujua maneno tisa na vitenzi ishirini vya nyumbani, tayari ana sentensi nyingi kuliko anavyodhani.

Hapo kuna mtego kwa sisi tunaosema Kiswahili. Sisi tunasema «lazima nilipe»: tunamweka mwenye kutenda ndani ya kitenzi cha pili. Kwa hiyo mwanafunzi wa kwanza hupenda kusema «devo pago». Waitalia hawasemi hivyo. Ni «devo pagare», napaswa kulipa. Mtu akishajitambulisha kwenye kitenzi cha kwanza, hana haja ya kujitambulisha tena. Na ukitaka kukataa, weka «non» mbele ya vyote: non posso venire, siwezi kuja, non voglio firmare, sitaki kutia sahihi. Hiyo ya mwisho ishikeni sana. Mtu asitie sahihi kwenye karatasi asiyoielewa, hapa wala kule.

Sasa juu ya heshima, maana sisi tumelelewa. Kwa mtu mzima hatusemi «nataka maji», tunasema «naomba maji». Nao ni hivyo hivyo. «Voglio» mbele ya daktari au karani inasikika kama amri. Sema «vorrei», ningependa, ndiyo «naomba» yao. Tena, kama vile kwa Kifaransa tunachagua tu au vous, kwa Kiitaliano mtoto au rafiki unamwambia «puoi», lakini mtu wa kuheshimiwa unamwambia «può», sawa na kusema «anaweza», hata kama yuko mbele yako. «Può ripetere?» maana yake: naomba urudilie. Na ukifika mlangoni, «Posso?» peke yake inatosha. Ni hodi yao.

Neno «devo» lina siri nyingine. «Quanto devo?» maana yake ni «nina deni gani?», yaani nilipe kiasi gani. Kupaswa na kuwa na deni kwao ni kitenzi kimoja. Sisi wa likelemba hilo halitatushinda: aliyepokea wiki hii anajua anapaswa kutoa wiki zinazofuata.

Naongeza kitenzi cha nne kwa ajili ya wanaotafuta kazi: sapere, kujua. Kiswahili chetu kinatusaidia kabisa hapa. «Najua kushona» na «naweza kushona» si kitu kimoja: nimejifunza kushona, lakini leo mkono unaniuma, siwezi. Kiitaliano kinatenganisha vile vile: so cucire, najua kushona, oggi non posso cucire, leo siwezi kushona. Anayetafuta kazi ya cherehani akisema «non posso», mwenye kazi ataelewa kwamba kuna kizuizi. Akisema «non so», ataelewa kwamba hakufundishwa. Mlango unaweza kufungwa kwa neno moja tu.

Nirudi kwa dada yangu. Tulifanya masomo kwa WhatsApp, robo saa kila usiku watoto wakilala. Baada ya majuma matatu tulitayarisha sentensi mbili, akazisema mpaka ulimi ukazoea: «Vorrei parlare da sola con la dottoressa. Mio figlio può aspettare fuori.» Ningependa kuongea na daktari peke yangu; mtoto wangu anaweza kungojea nje. Alikwenda, akazisema, mtoto akatoka. Majibu ya daktari hakuyaelewa yote, lakini alikuwa na sentensi ya tatu: «Può scrivere, per favore?», naomba uandike. Jioni alinitumia picha ya ile karatasi, tukaisoma pamoja. Safari hii alipata dawa ya ugonjwa wake.

Sisemi kwamba vitenzi vitatu vinamaliza Kiitaliano. Tangu mwaka 2012, mgeni mwenye zaidi ya miaka 16 anayeingia Italia mara ya kwanza kwa kibali cha mwaka mmoja au zaidi hutia sahihi mkataba na serikali, na ndani ya miaka 2 anatakiwa kufikia ngazi ya lugha inayoitwa A2, ngazi ya pili kutoka chini. Kule kuna shule za serikali za watu wazima, zinaitwa CPIA, zinazofundisha lugha kwa wageni. Ukifika, ulizia CPIA ya mji wako bila kukawia, usingoje watoto wakuzoeze kunyamaza. Lakini mwenye kufika na «vorrei» na «posso» kinywani ataweza kuulizia mlango wa shule hiyo mwenyewe.

Kwa wale watakaoanza siku ya posho ijayo, saa tisa, baada ya mkutano: leteni daftari na kalamu. Nyumbani gawanyeni ukurasa mara tatu. Upande wa kwanza andikeni mambo matano mnayotaka kufanya mkifika, wa pili matano mnayoweza kufanya, wa tatu matano mnayopaswa kufanya. Andikeni kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika aje nayo kichwani, tutamwandikia. Kiitaliano chake tutakitafuta pamoja, kila mama kwa mambo yake.