Mwamapalala: Maembe, michembe na makaa ya juu

Mvua za kwanza zikishanyesha Mwamapalala, udongo mweusi wa mbugani hunata kwenye viatu na baiskeli husukumwa badala ya kuendeshwa. Kata hii iko Wilaya ya Itilima, iliyomegwa kutoka Bariadi mwaka 2012, mwaka uleule Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa. Ni nchi ya pamba, mahindi, mtama na ng'ombe, na kwenye miji mingi hukosi mwembe mmoja uani.

Msimu huo wa mvua ndio mgumu kwa mzazi wa kijijini. Watu wazima wako shambani tangu alfajiri, mavuno ya mwaka jana yanapungua ghalani, na mavuno mapya bado yako mbali. Lakini ndio wakati maembe yanapoiva, tena yote kwa mpigo. Watoto hula hadi wakinai, sokoni bei hushuka, na yanayobaki huozea chini ya mti.

Ndani ya nyumba kuna akiba nyingine inayokaribia mwisho, nayo ni michembe, yale matoleo ya viazi vitamu yaliyoanikwa tangu kiangazi. Wasukuma huichemsha na kuila kwa karanga au maziwa, na ikitwangwa hutoa unga mtamu. Embe linaloanguka na michembe inayoisha vinaweza kukutana katika sufuria moja, vikawa chakula cha jioni ambacho mtoto hatahitaji kubembelezwa ili ale.

Wengi huliacha wazo hilo kwa kuwa nyumbani hakuna oveni. Lakini kuoka ni kuzungushia chakula joto pande zote, na sufuria nzito yenye makaa chini na juu ya mfuniko hufanya kazi hiyo. Wanaooka keki kwa jiko la mkaa wanalijua hilo, na anayepika wali akaumalizia kwa makaa juu ya mfuniko naye anatumia njia hiyohiyo. Huko Uingereza, Abraham Darby alipata hataza mwaka 1707 ya kusubu vyungu vya chuma kwa kalibu za mchanga. Vyungu vizito vya namna hiyo vilienea hadi Marekani, ambako watu bado huokea matunda yaliyofunikwa kwa unga, juu ya makaa uani.

Kwa familia ya watu sita, menya maembe 5 au 6 yaliyoiva lakini bado magumu kidogo, uyakate vipande vinavyojaa vikombe 4. Changanya na sukari vijiko 2 vikubwa, unga wa ngano kijiko 1 na maji mazito ya ukwaju vijiko 2. Paka sufuria samli, kisha mimina.

Kwa kifuniko cha unga, chekecha unga wa ngano kikombe 1, unga wa michembe nusu kikombe, bekingi pauda vijiko 2 vya chai na chumvi kidogo. Unga wa michembe peke yake hautaumuka vizuri, kwa hiyo ngano iwe nyingi kuliko michembe. Tia samli vijiko 3 vikubwa, usugue kwa vidole hadi unga uwe chengachenga. Ongeza mtindi kidogo kidogo, kama nusu kikombe au zaidi, hadi upate rojo zito linalodondoka kwa kijiko. Dondoshea juu ya maembe ukiacha nafasi za mvuke kutoka.

Panga makaa mekundu yenye ukubwa wa kiberiti: 7 chini, 14 juu ya mfuniko. Moto wa chini ukizidi, sukari ya maembe huungua kabla unga haujaiva. Kama sufuria yako ni nyepesi, iweke ndani ya kubwa zaidi yenye mchanga mkavu, vidole viwili kwenda juu. Kila baada ya dakika 10, zungusha sufuria robo mzunguko. Baada ya dakika 35 hadi 40, choma unga kwa kijiti kisafi. Kikitoka kikavu, epua na uache ipoe dakika 15, maana rojo la maembe huhifadhi moto na linaweza kumuunguza mtoto ulimi.

Kuni na mkaa havipatikani kirahisi Simiyu. Mwaka 1986, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulianza kurudisha miti katika nchi iliyokuwa imebaki wazi, ukitumia ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho. Mabua ya pamba huwaka haraka na kuacha majivu, hayafai kuoka. Njia isiyo na hasara ni kuoka mara baada ya kuivisha maharage, kwa makaa yaliyokwisha kushika, ukiongeza machache tu.

Okea uani au penye upenyo wa hewa, kamwe si ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu mkaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu. Mfuniko uinuliwe na mtu mzima, kwa koleo au kitambaa kinene kikavu, na wadogo wakae mbali. Wao wapewe kazi ya kuokota maembe na kuchekecha unga.

Embe lililoiva lina vitamini A kwa wingi, na samli husaidia mwili kuipokea. Chakula hiki hakilali vizuri kwenye joto la Simiyu, hivyo kiliwe jioni hiyohiyo. Kikizidi, mtoto apeleke bakuli kwa jirani ambaye mwembe wake haukuzaa mwaka huu.