Nahodha wa Makontena

Katika nchi ya Ngara na Biharamulo, ambamo Kibimba imo, kontena si kitu kigeni. Malori huyachukua makontena kutoka bandari ya Dar es Salaam, hupita Nyakanazi, na kuvuka daraja la Rusumo kuingia Rwanda. Winchi inayoyainua haina haja ya kujua kama ndani mna nguo au dawa. Nguvu ya kontena ni kuwa limefungwa, lina kipimo, na chombo chochote chaweza kulipokea. Malcom McLean alilionyesha jambo hili mwaka 1956, meli yake Ideal X ilipochukua makontena 58 kutoka Newark mpaka Houston.

Mafundi wa kompyuta waliazima jina hilo. Kontena lao ni programu iliyofungwa pamoja na kila inachohitaji, ipate kuhama kutoka kompyuta hii hadi ile bila kubadilika. Lakini makontena yakiwa maelfu, nani atayapanga? Mwaka 2014 Google ilitoa Kubernetes, jina la Kigiriki lenye maana ya nahodha.

Nahodha huyu husimamia klasta, yaani kundi la kompyuta zitumikazo kama moja. Mwenye klasta haziamrishi moja moja. Huandika matakwa yake: nakala tatu za programu hii ziwe hai. Matakwa hutiwa daftarini, na msimamizi hulinganisha daima daftari na hali ilivyo. Kompyuta moja ikifa, msimamizi huona nakala mbili mahali pa tatu. Mpangaji hutafuta kompyuta yenye nafasi, na mtumishi wa huko huanzisha nyingine. Hapana kilio wala matanga. Daftari nalo lina watunzaji kadhaa, na neno la walio wengi ndilo lishikwalo: wakiwa watatu, mmoja aweza kufa na kazi ikaendelea, wakiwa watano, wawili.

Hata hivyo, nahodha huyu ni mtiifu, si mwenye hekima. Programu ikiwa na kosa, atalifufua kosa hilo mara tatu kwa uaminifu ule ule. Kujua kutaka lililo sawa ni kazi ya mtu. Elimu hii haikuwekewa wakazi wa miji mikubwa peke yao: maandishi ya Kubernetes yako wazi kwa kila asomaye, na kompyuta moja yatosha kujaribia klasta ndogo. Kijana wa Kibimba akiipata, asianze kwa kukariri amri. Na aulize kwanza ni hali gani inayotakiwa, na nani ataitunza.