Kwenda Kipini Kumtafuta Liyongo

Barabara itokayo Malindi huvuka Mto Tana karibu na Garsen na kuelekea Witu. Hapo tuliiacha, tukashika njia ya Kipini, mji mdogo ulioko pale Tana inapoingia baharini. Nilikuwa sijawahi kufika. Kilichonileta ni kaburi la Fumo Liyongo, shujaa wa mighani ya Waswahili.

Nimelelewa Murang'a, karibu na Mukurwe wa Nyagathanga, ambako Wakikuyu husema Ngai aliwaweka Gikuyu na Mumbi, na mabinti wao wakawa mama wa koo zetu. Kisasili hicho hakuna anayekitafutia mwaka. Kinatueleza ardhi tulipewa na nani, na wazee wetu hukitaja kwa sauti ya sala.

Mzee aliyenipokea Kipini, kinyume chake, alianza kwa nasaba: Liyongo mwana wa nani, na kwa nini mfalme wa Pate alimwogopa. Akaja kwenye kifungo, tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, na ngoma ya gungu iliyofunika mlio wa minyororo ikikatwa. Kisha mwana wa Liyongo akamchoma babake kitovuni kwa sindano ya shaba. Liyongo akaenda kisimani, akapiga goti, akavuta upinde, akafa vivyo hivyo. Watu wakakaa na kiu wakidhani yu hai.

"Kaburi lile kule, mwanangu," akasema akinyoosha mkono.

Jirani yake akapinga. Wakabishana kwa dhati, nami nikafurahi, maana mighani huishi kwa ubishi wa namna hiyo: imemshika mtu, mji na kisima, kwa hiyo inaweza kuulizwa ushahidi. Muhammad Kijumwa wa Lamu aliitungia utenzi mwaka 1913, na hadi leo wataalamu hawajaafikiana Liyongo aliishi karne gani.

Usiku bibi wa nyumba aliita, "Paukwa!" Watoto wakaitika, "Pakawa!" Akaja Sungura, akamhadaa Fisi kama alivyomhadaa kwa Kikuyu utotoni mwangu. Hakuna aliyeuliza Sungura alizikwa wapi. Ngano haina kwao; popote penye watoto na giza hupata makazi.

Mtoto mmoja akaomba ya Liyongo. Bibi akakataa. "Hiyo kamwulizeni babu yenu kesho mchana," akasema, "awapeleke na kaburini."