Suti na Kiasi

Ndugu msomaji, mimi si adui wa suti. Nalisema hili mwanzo kwa kuwa wako wazee wadhanio kwamba kila avaaye suti ameacha mila zake, na wako vijana wadhanio kwamba asiyeivaa amepitwa na dunia. Wote wawili, kwa maoni yangu, wamezidisha.

Nilipopata mshahara wangu wa kwanza, marehemu baba alinitolea koti lake la sufi, lile alilokuwa akilivaa juu ya kanzu kila Ijumaa na kila Idi. Akaniambia, "Chukua mwanangu, umpelekee fundi akupunguzie." Nililitazama nikaona haya. Nikamjibu kwamba mtindo wake umepita. Baba hakunena neno. Alilikunja akalirudisha sandukuni. Nami nikaenda kukopa, nikashonesha suti ya kubana mwili kama nilivyoiona katika picha. Ijumaa ya kwanza niliyoivaa, niliposujudu, mshono wa suruali uliachana. Rakaa ya pili niliisali kwa mashaka, huku nyuma yangu wako watu safu kwa safu. Deni lile nililipa kwa miezi sita, na suti yenyewe sikuivaa tena.

Tangu hapo nimejifunza kwa mafundi sheria za vazi hili, nikaona kuwa zi namna mbili. Ziko zilizo desturi tu, kama kuacha wazi kifungo cha chini, ambako husimuliwa kuwa kulianza kwa Mfalme Edward wa Saba wa Uingereza, aliyetawala tangu 1901 hata 1910, kwa sababu ya unene wake. Apendaye na afuate. Asiyefuata hana lawama.

Na ziko zenye maana. Bega la koti likomee pale bega la mtu likomeapo, kwani fundi aweza kupunguza kiuno na mikono kwa wepesi, lakini bega ni kazi nzito na ya gharama. Tundu la mkono likatwe juu, karibu na kwapa, ndipo mkono uinuke bila ya koti zima kuinuka pamoja nao. Suruali iwe na nafasi ya kurukuu na kusujudu. Mimi huijaribu hivyo mbele ya fundi kabla sijalipa. Tena iko hariri, ambayo sisi wanaume Waislamu hatukuhalalishiwa. Basi kijana na aulize, kabla hajanunua tai na kabla koti halijatiwa bitana, ni kitambaa gani hicho. Zisizo za hariri ni tele.

Baba alipofariki, mama alinipa koti lile. Fundi alilipunguza kiunoni na mikononi. Mabega akaniambia niyaache. Yanizidi kidogo, na kwa sheria za suti hilo ni kosa. Nami nalivaa juu ya kanzu kila Ijumaa, wala silionei haya. Haya niionayo ni ya lile jibu nililompa baba.

Kwa hivyo, kijana, shona suti ukipenda, kwa kiasi cha mwili wako na cha mfuko wako. Lakini mzazi akikupa vazi lake, lipokee kwa mikono miwili. Mshukuru kwanza, kisha ndipo umtafute fundi.